Kengele ya Mwisho Imelia: Sasa Unakwenda Wapi?

Mada hii niliitoa kwa wanafunzi wa sekondari ya kutwa hapa Msamvu, mjini Morogoro. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ili na wewe msomaji ambaye hukuwepo usogee, ukae nasi kwenye benchi.

Haya, walioko nyuma njooni mbele, nafasi bado ipo.

Najua mtu wa afya akiingia shuleni mnajua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Jihadharini na Ukimwi. Mimba zinakatisha masomo. Dawa za kulevya ni mbaya. Asanteni, makofi, turudi darasani. Hayo mnayajua toka shule ya msingi, na mkiulizwa kwenye mtihani wa Biolojia mnapata. Kwa hiyo leo sikuja kuwapima kama mnayajua. Nimekuja na swali moja tu, na ulijibu kimoyomoyo, usimnong'oneze jirani yako: kengele ya mwisho ikilia, wewe unakwenda wapi?

Tupige hesabu kidogo. Vipindi vinane vya dakika 40 ni saa tano na dakika 20 kwa siku. Kwa wiki nzima ni kama saa 27. Sasa tuseme kengele imelia saa tisa alasiri, na nyumbani kwenu mlango unafungwa saa moja usiku. Katikati hapo kuna saa nne. Mara siku tano, saa 20. Unaona? Saa 27 zina ratiba, zina mwalimu, zina daftari la mahudhurio. Saa 20 hazina mwenyewe. Na mimi katika kazi hii sijakutana na binti aliyepata mimba wakati wa kipindi cha Hisabati, wala mvulana aliyefundishwa kuvuta bangi kwenye maabara ya Kemia. Mambo hayo hutokea kwenye zile saa 20.

Ndiyo maana neno langu la leo ni fupi: saa zako za baada ya kengele zipange wewe mwenyewe, la sivyo Msamvu itakupangia.

MSAMVU YETU

Morogoro tunaiita mji kasoro bahari. Bahari hatuna kweli, lakini bandari tunayo, nayo ni Msamvu. Barabara kutoka Dar es Salaam inafika hapa na kugawanyika: moja inakwenda Dodoma na kuendelea mpaka Mwanza, nyingine inashika Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Mabasi yanaingia na kutoka. Malori yanapumzika. Mahindi ya kuchoma yapo, chipsi zipo, soda baridi ipo, muziki upo. Ukitoka shule na njaa yako, ukasimama pale saa kumi jioni, lazima utaona dunia inapendeza.

Simsemi dereva kwa kuwa ni dereva, wala mwenye bodaboda kwa kuwa ana bodaboda. Wengi ni baba zetu na kaka zetu, na ada za wengi wenu zimetoka kwenye usukani. Lakini tuelewane jambo moja. Penye njia panda hupita watu ambao hawatarudi. Anayekuambia "mtoto mzuri, panda nikusogeze" leo yuko Msamvu, kesho yuko Makambako, keshokutwa Tunduma. Wewe utabaki hapa hapa, na sare yako, na daftari zako, na lolote alilokuachia.

Kabla ya kuja niliomba mniwekee maswali kwenye sanduku, bila majina. Nimeyasoma yote. Ukiyachambua, karibu kila swali limebeba moja kati ya mambo matatu: njaa, nauli, au muda mtupu. Tuyachukue moja moja.

NJAA

Kikaratasi cha kwanza kinasema: "Dada, mimi sina tamaa. Ila toka asubuhi sijala, na yule kaka ananinunulia chipsi. Hajaniomba kitu."

Bado hajakuomba. Mdogo wangu, sikucheki na wala sikutukani. Zamani vijana walikuwa na msemo wa kuchuna buzi, wakidhani wao ndio wachunaji. Kumbe mara nyingi anayechunwa ni mbuzi mwingine kabisa! Mtu mzima akilisha mwanafunzi wiki tatu mfululizo anafungua daftari la deni, na siku ya kudai anachagua yeye.

Lakini sitakwambia "kataa chipsi" kisha nikuache na njaa. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Chakula cha mchana katika shule za kutwa kimebaki kwa michango ya wazazi. Shule ambayo wazazi wamekubaliana, sufuria la makande linachemka saa sita. Shule ambayo hawajakubaliana, watoto wanakunywa maji ya bombani na kungoja jioni. Hili si jambo la mzazi na mwalimu peke yao. Mna serikali ya wanafunzi, mna kaka mkuu na dada mkuu. Kabla ya kikao cha wazazi, hesabuni ni wanafunzi wangapi hawali mchana, darasa kwa darasa. Andikeni namba hiyo, mpelekeeni mwalimu wa malezi aisome kikaoni. Mzazi anaweza kubishana na maneno, lakini namba ya watoto wenye njaa humnyamazisha.

Na wakati mnangoja kikao, kula asubuhi. Kiporo cha wali, kiazi cha kuchemsha, uji, chochote kilichopo nyumbani ni bora kuliko chai ya rangi peke yake. Karanga kidogo kwenye mfuko wa sare, ndizi mbili. Sisi tumekaa chini ya Uluguru, mboga na matunda ya Mgeta yanashuka sokoni kila siku, mpaka Dar es Salaam wanakula vya kwetu. Wasichana hasa sikilizeni: kila mwezi mnapoteza damu, na damu hurudishwa na madini ya chuma. Maharage, mchicha, matembele, dagaa. Kula na chungwa au limao ili chuma kinyonywe vizuri mwilini, na chai ungoje kwanza, kwa sababu chai inazuia. Ukiona unachoka ovyo, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi, usiseme ni uvivu. Nenda kituo cha afya wapime damu.

Chipsi hazina nguvu mbele ya mtu aliyekula makande.

NAULI NA NJIA

Kikaratasi cha pili: "Makonda hawataki madenti. Tunasukumwa mlangoni mpaka saa kumi na mbili. Boda mmoja ananipeleka bure. Nifanyeje?"

Hili nalijua, na mwenye makosa hapa si wewe. Konda akipakia mwanafunzi anapata nauli pungufu, kwa hiyo anataka watu wazima kwanza. Ndiyo, ni uonevu. Lakini tazama uonevu huo unavyofanya kazi: unakuchelewesha, giza linakukuta, unachoka, na anatokea mtu mwenye "msaada". Hatari kubwa ilianza saa tisa na nusu pale mlangoni kwa daladala, kabla boda hajafika.

Dawa yake ni kutokuwa peke yako. Mnaokwenda Kihonda jikusanyeni, mnaokwenda Mazimbu jikusanyeni, mnaokwenda Mafiga vivyo hivyo. Watu sita waliosimama pamoja na mwalimu wa zamu kituoni hawasukumwi kama mtu mmoja. Kama nyumbani si mbali, tembeeni kwa kundi, ni mazoezi ya bure. Na shule iongee na viongozi wa mtaa, viongozi wa bodaboda na wa daladala. Bodaboda wana vijiwe, na vijiwe vina wenyeviti. Mwenyekiti akishajua kwamba shule imeandika namba za pikipiki zinazobeba wanafunzi bure, utashangaa jinsi ukarimu unavyopungua!

Sasa sheria, tuiseme wazi. Toka mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inasema mwanamume akifanya mapenzi na binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake, hilo ni kosa la kubaka, hata kama binti alikubali. Na mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo ni miaka 30. Kaka zangu mliokaa dirishani, hapo msijione mmepona. Sheria haikuandika "isipokuwa mpenzi wake wa kidato cha tano".

Na kama limeshatokea? Kama mtu amekulazimisha? Sikiliza vizuri, maana hapa muda ni uhai. Usioge, usifue nguo, nenda hospitali mara moja. Vidonge vya kuzuia maambukizi ya VVU vinatakiwa vianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za kuzuia mimba nazo zina kikomo, siku tano. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba ya simu ya mtoto ni 116, hailipiwi. Wavulana pia hubakwa, wavulana pia wanatibiwa, na wala si aibu yao. Aibu ni ya aliyefanya.

MUDA MTUPU

Kikaratasi cha tatu kimeandikwa kwa hasira, na mwandiko wa mvulana: "Mbona kila siku ni wasichana? Sisi hatuna matatizo?"

Mnayo, tena mengi, ila hayaonekani tumboni. Mvulana wa Msamvu akitoka shule anakwenda geto la mshikaji. Geto ni chumba kimoja, godoro, simu, na mtu mmoja aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita. Kwanza ni kuangalia mpira. Halafu kubeti, shilingi mia tano ya nauli inawekwa kwenye mkeka. Halafu kuna kiroba cha kitu fulani, kuna msokoto. Halafu kuna picha kwenye simu zinazokufundisha kwamba mwanamke ni kitu cha kuvamiwa. Hakuna aliyekulazimisha. Ulikwenda kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda, na shuleni hakukuwa na kitu.

Ndiyo maana michezo na vikundi vya shule mimi nahesabu ni huduma ya afya, sawa na zahanati. Tuvipitie, usije ukasema hapa shuleni hakuna la kufanya.

Kwanza michezo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa umri wenu watumie mwili kwa dakika 60 kila siku. Mnayo UMISSETA: soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, riadha. Wengi wanadhani ni ya wale wachache wanaochaguliwa kwenda ngazi ya mkoa na taifa. Hapana. Timu ya darasa inatosha, mpira wa makaratasi unatosha. Msichana aliyezoea kukimbia uwanjani, mwili wake anauona ni wake. Akiguswa vibaya anashtuka haraka kuliko yule aliyefundishwa kwamba mwili ni kitu cha kuficha na kuonea haya tu.

Pili, midahalo. Mnacheka? Mnadhani mdahalo ni Kiingereza tu na "mheshimiwa mwenyekiti"? Mdahalo ni mazoezi ya kusema "hapana" mbele ya watu huku sauti haitetemeki, na kutoa sababu, na kujibu ukibanwa. Mtu aliyepinga hoja ukumbini mbele ya wanafunzi mia mbili, ndani ya gari hatanyamaza. Kutoka hapa hapa Morogoro, chini ya Uluguru, kuna shule ya wasichana ya Kilakala, ambayo zamani iliitwa Marian College, chini ya masista wa Maryknoll. Mama Getrude Mongella alisoma pale. Mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Wanawake Duniani kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mama Anna Makinda naye alipita Kilakala, na mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Sauti hizo hazikuota usiku mmoja.

Tatu, skauti na Msalaba Mwekundu. Hapa Msamvu sina haja ya kueleza sana. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na wakafa zaidi ya watu 100. Baadhi yenu mliondokewa na ndugu, na sitawasema marehemu, Mungu awarehemu. Nasema kuhusu walio hai. Kila kijana wa njia panda hii anatakiwa ajue kwamba petroli iliyomwagika hukimbiwa, na unapokimbia unawaita na wengine. Ajue kwamba aliyeungua humwagiwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, hapakwi mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Hayo hufundishwa jioni, baada ya kengele, na watu wenye skafu shingoni mnaowacheka.

Nne, Malihai na bustani ya shule, kwaya, ngoma, na jumuiya za dini, kila mtu na yake. Kwa kwaya usidharau: mtu mwenye mawazo akiimba na wenzake arobaini, mzigo unapungua. Afya ya akili nayo ni afya.

Sasa kuna kikaratasi kingine kilichonigusa. "Mimi baada ya shule nauza maji stendi mpaka saa mbili. Bila hivyo sina daftari. Mimi nipangeje?" Wewe, popote ulipokaa, sikuambii uache, kwa sababu sina daftari la kukupa kila mwezi. Nakuambia hivi: uza ukiwa na mwenzako, uza mahali penye taa, usiingie ndani ya lori wala chumba cha nyumba ya wageni kufuata chenji, mwambie mwalimu mmoja unapofanya kazi, na weka saa ya kuondoka isiyobadilika hata kama chupa zimebaki. Na ninyi wenzake mkimwona pale stendi msimwite majina. Mnunulieni maji.

WALIFANYAJE MAZIMBU?

Kuna kitu kiko karibu nasi na wengi hatukijui. Mnapopita Mazimbu mnaona Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kabla ya kuwa chuo, pale palikuwa na shule ya vijana wakimbizi wa Afrika Kusini, ikiitwa SOMAFCO.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga elimu ya kibaguzi, wakapigwa risasi. Ndiyo sababu tarehe hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Maelfu ya vijana wa umri wenu walikimbia nchi yao, na Tanzania ikawapokea. Mwaka 1977 serikali yetu ikawapa wapigania uhuru wa ANC ardhi ya Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge, wakati Mama Anna Abdallah akiwa Mkuu wa Mkoa. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22.

Fikiria sasa. Vijana wako mbali na mama na baba, wameona maiti, hawajui watarudi lini kwao. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kupotea, ni hao. Shule ilifanya nini na jioni zao? Iliwapa kazi. Kulikuwa na shamba, ng'ombe na nguruwe, karakana ya useremala, kiwanda cha kushona nguo. Kulikuwa na michezo, na kwaya zilizosifika. Palijengwa hospitali. Majengo mengi yale yalisimama kwa mikono ya wafanyakazi wa Kitanzania na ya wanafunzi wenyewe. Sisi tuliita Elimu ya Kujitegemea, toka Mwalimu Nyerere alipoiandika mwaka 1967. Wao waliiishi.

Sisemi palikuwa peponi. Pombe ilikuwepo, ugomvi ulikuwepo, upweke ulikuwepo, na wasichana walipata mimba. Na hapo ndipo nataka mtazame. Msichana mwenye mimba hakutupwa barabarani. Palikuwa na kituo kilichoitwa Charlotte Maxeke, kwa ajili ya wazazi wachanga na watoto wao, na lengo lilikuwa mama arudi shule. Wapo waliorudi, wapo ambao hawakurudi, kwa sababu kulea na kusoma ni kazi mbili nzito. Lakini mlango ulikuwepo.

Hiyo inajibu kikaratasi cha binti anayeuliza kama dada yake, aliyejifungua, anaweza kuendelea. Anaweza. Mnamo Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Mwambie aende kwa mkuu wa shule au kwa afisa elimu wa kata, na mzazi. Akirudi, kazi inayobaki ni yenu: msimwite "mama fulani" darasani. Midomo ya wenzake inaweza kumfukuza shule hata pale serikali iliposema aingie.

SOMAFCO ilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Julai 1992, wenyewe wakarudi kwao kujenga nchi. Majengo yamebaki, kila siku daladala zinayapita. Ukipita, kumbuka kwamba vijana wenye shida kuliko zako walikalia ardhi hii hii na walikuwa na ratiba ya jioni.

KWA WALE WALIOKWISHA KUANZA

Nimalizie na neno kwa wanaosema moyoni, "dada umechelewa, mimi nimeshaanza mapenzi." Hujachelewa. Unaweza kuacha leo, hakuna cheti cha kujaza. Ukishindwa kuacha, kondomu kila mara, mpya kila mara, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Toka mwaka 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 na kuendelea kupima VVU bila kwanza kupata idhini ya mzazi. Nenda kapime. Siku hizi VVU si hukumu ya kifo: anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, anaishi, anasoma, na hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Na humu ndani, kama ilivyo katika shule nyingi, inawezekana kuna mwenzetu aliyezaliwa na VVU, anakunywa dawa zake kimya kimya, anaogopa mtu asione kopo. Hana kosa lolote. Ukiona kopo, hujaona. Hilo nalo ni shughuli ya mwanafunzi mwenye akili.

KAZI YA NYUMBANI

Leo usiku chukua karatasi. Andika Jumatatu mpaka Ijumaa, mistari mitano. Mbele ya kila siku andika: kuanzia saa tisa mpaka saa moja usiku nitakuwa wapi, nitafanya nini, na nani, nitarudije. Usiandike uongo, hutaisahihishiwa na mtu. Kama ni kuchota maji na kupika, andika, hiyo nayo ni ratiba. Kama ni stendi, andika stendi.

Utakuta kuna mstari umebaki mtupu, au umeandika jina la mtu ambaye usingependa mama yako alisome. Huo ndio mstari wako. Ushughulikie huo kwanza. Weka hapo netiboli, weka mdahalo, weka bustani, weka kundi la kutembea pamoja mpaka Kihonda. Kama kikundi unachokitaka hakipo, tafuta wenzako watano, mwendeeni mwalimu, mkianzishe. Walimu wengi wanangoja kuombwa.

Kengele ya mwisho ya leo inakaribia kulia. Nikisimama pale getini nitawaona mnavyotawanyika, na kila mmoja wenu anajua anakokwenda. Kazi kwenu, wadogo zangu.